Sura ya Sita: Ndoo Mlangoni

Ndoo yenyewe haina cha kutazamwa. Ni ya plastiki, ya lita ishirini, imetobolewa karibu na kitako na kutiwa kibomba, imepandishwa juu ya kigoda cha mbao, na chini yake pana beseni la kukinga maji yaliyokwisha kunawiwa. Maji ya ndani yana klorini kidogo, asilimia 0.05, ile kali ya asilimia 0.5 ni ya sakafu na viatu, haitiwi mkononi. Ukishanawa, vidole vinanuka javeli hadi jioni, na tone likiangukia kikwembe, yaani kitenge, cha bei, utakuja kuliona doa jeupe mahali lilipotua. Kuanzia Agosti 2018 ndoo hiyo ilisimama mlangoni pa maduka, depo, benki, hoteli na makanisa ya Beni na Butembo, na katika milango mingi ilikaa karibu miaka miwili bila kuondoka.

Naanza na ndoo kwa sababu ya swali dogo: nani anaijaza? Butembo ni mji wa vilima. Mabomba ya Regideso, shirika la maji la serikali, hayafiki sehemu kubwa ya mitaa, kwa hiyo watu huteka kwenye chemchemi zilizojengewa mabondeni, kisha hupanda na bidoni, dumu la njano, kichwani, mgongoni au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli. Maji yanayopandishwa kilima yana bei, hata kama anayeyapandisha ni mtoto wa nyumbani asiyelipwa. Ndoo na klorini mara nyingi zilitoka kwa mashirika. Maji yalikuwa juu ya mwenye duka. Kila mpita njia aliyenawa akaingia, akatazama bei na kutoka mikono mitupu alikuwa amekunywa kijiko cha faida ya siku. Hata hivyo kulipokucha ndoo zilijazwa. Wapo waliozijaza kwa kuogopa Ebola, wapo waliozijaza kwa kuogopa mkaguzi, na wapo waliozijaza kwa sababu wateja walishaanza kulipita duka lisilo na ndoo.

Mazungumzo ya mlangoni ukiyasikia mara moja umeyasikia yote.

“Nawa kwanza, mama.”

“Nimetoka kunawa hapo kwa jirani yako, papa.”

“Ya kwa jirani imebaki kwa jirani. Ya hapa ni ya hapa.”

Mama anacheka, ananawa, anapangusa mikono kwenye kikwembe chake, na bei inaanza kupiganiwa. Kabla ya 2018 wangemaliza kwa kupeana mikono, maana huku mkono ndio muhuri wa biashara. Sasa walimaliza kwa kugusana viwiko, au kwa kutazamana tu, jambo ambalo kwa wazee lilikuwa kama kununua bila kuaga.

*

Msomaji wa Mombasa au Dodoma ambaye hajafika huko anahitaji picha. Beni na Butembo zimeachana kwa kilomita 54, kaskazini mwa mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Beni iko chini, ina joto, imepakana na msitu. Ni mji wa kakao na mbao. Butembo iko juu, kuna baridi, ni mji wa depo za jumla, wa viazi na kabichi zinazoshuka kutoka milimani. Kutoka Beni barabara nyingine inakwenda kilomita 80 hadi Kasindi, mpakani na Uganda. Ng’ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, na kutoka Mpondwe malori yanashika njia ya Kasese, Kampala na Nairobi hadi bandari ya Mombasa. Vitenge, vyerehani na vipuri vya pikipiki vinavyouzwa Butembo vimepakiwa Dubai au Guangzhou na vimepita njia hiyo. Kiswahili kinabadilika kila baada ya kituo cha forodha. Bei inaeleweka safari nzima.

Wenyeji wengi ni Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira. Majina yao yanafuata mpangilio wa kuzaliwa: mwana wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Kwa mfanyabiashara jina la namna hiyo ni taarifa ya kwanza ya benki: ukishajua Kasereka huyu ni mdogo wa Kambale yupi, umeshajua deni lake litadaiwa mlango gani. Kwa mgeni aliyekuja na daftari la kufuatilia waliomgusa mgonjwa, ni balaa. Kila nyumba ya mtaa ina Kambale, na jirani yake pia, na mwenye duka la pembeni pia. Bila mtu wa hapohapo wa kukuambia ni Kambale wa nani, orodha yako ni karatasi.

Biashara ya Butembo imejengwa juu ya huyo mtu anayejulikana. Mtafiti Timothy Raeymaekers, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu mji huu, ameeleza juu ya waagizaji wakubwa wanane ambao watu waliwapachika jina la G8, walioagiza mali kutoka Asia kwa kuungana, na ambao neno lao lilitosha kufungua mkopo wa kontena zima. Vita vilipokuja, na eneo likawa chini ya waasi wa RCD-ML wa Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara waliwatangulizia waasi ushuru kabla mzigo haujafika, kwa masharti waliyokubaliana. Sitaki kuipaka hadithi hiyo asali; pesa zile zilinunua risasi pia. Lakini barabara zilitengenezwa kwa michango, jengo la mairi, ofisi ya meya, likainuliwa kwa michango, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989, kikaendelea kufundisha wakati nchi inabomoka. Chini ya hao wakubwa kuna likelemba za akina mama wa soko, kila mmoja akipokea fungu zamu yake ikifika, na kuna muso, vyama vidogo vya kuweka na kukopeshana ambavyo havihitaji saini ya mtu yeyote wa Kinshasa. Kinshasa ilikuwa mbali, na ilipokuja, ilikuja kudai kodi.

Watu wa nje wakiiandika Butembo husifu hali hiyo ya kujitegemea, na wana haki. Mimi huwa nasita kidogo. Mazoea ya kumwamini unayemjua na kumtilia shaka kila anayekuja na gari na karatasi ndiyo yaliyoujenga mji huu. Mwaka 2018 mazoea hayohayo yalikaribia kuuangamiza.

*

Tarehe 24 Julai 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola ya mkoa wa Équateur imekwisha. Wiki moja baadaye, Agosti 1, ikatangaza nyingine, ya kumi katika historia ya nchi, safari hii Mangina, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 30 kutoka Beni. Mwisho wa hesabu, Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufariki 2,287. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi, na ulitokea katika eneo ambalo tangu Oktoba 2014 watu wake walikuwa wakichinjwa usiku na waasi wa ADF huku dunia ikitazama kwingine.

Hapo ndipo swali la wafanyabiashara lilipozaliwa, na si swali la kijinga: miaka minne tunazika ndugu zetu waliouawa kwa mapanga na hakuna aliyekuja, leo kwa ugonjwa mmoja zimekuja ndege na magari meupe yasiyohesabika, kwa nini? Magari yale yalikodiwa. Hoteli zikajaa. Kodi za nyumba nzuri zikapanda. Vijana waliopata kazi katika operesheni ya kupambana na ugonjwa, ambayo watu waliiita riposti kwa kulifupisha neno la Kifaransa, walilipwa posho ambazo mwalimu angezipata kwa miezi. Mji wa biashara unaitambua biashara ukiiona, na haukuchelewa kuipa hiyo jina: biashara ya Ebola. Kuanzia hapo kila aliyekataa kunawa, kuchanjwa au kutoa mgonjwa alikuwa na sababu moja iliyoeleweka kwa wote: sitaki kuwa bidhaa ya mtu.

Lawama haikuwa ya hewani. Waziri wa afya wa wakati huo, Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019, na Machi 2020 mahakama ilimhukumu miaka mitano kwa kosa la kufuja zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo. Kabla ya hapo, Desemba 26, 2018, tume ya uchaguzi ilikuwa imeahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, kwa hoja ya Ebola na usalama, wakati sehemu kubwa ya nchi ingemchagua rais siku nne baadaye. Wenye maduka walipiga hesabu kama wanavyopiga hesabu zote: soko liko wazi, kanisa liko wazi, basi linajazwa mpaka mlangoni, sasa ni foleni ya kura peke yake inayoambukiza? Kesho yake vijana wa Beni walikishambulia kituo cha wagonjwa, na tarehe 30 wakapanga foleni za kura zao wenyewe, za kuigiza, baadhi yao wakinawa mikono kwanza ili kuonyesha kwamba inawezekana. Sijui kama kuna picha inayoieleza Beni vizuri kuliko hiyo.

Gharama ya kutoaminiana ililipwa Butembo na Katwa, eneo la afya lililo ubavuni mwake, miezi iliyofuata. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya matibabu vya pande zote mbili vilishambuliwa kwa kufuatana ndani ya siku tatu. Aprili 19 watu wenye silaha waliingia katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben na kumwua Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyekuwa kwenye mkutano wa kazi. Aliuawa katika jengo la chuo kilekile ambacho watu wa Butembo hujivunia. Mji uliokuwa ukisema “tumejijenga wenyewe” ulibaki na swali ambalo halikujibika kirahisi.

*

Siku chache baadaye mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, alifika Butembo pamoja na Matshidiso Moeti, wakati huo mkurugenzi wa kanda ya Afrika. Mbali na wahudumu wa afya walikutana pia na wanasiasa, viongozi wa dini na wafanyabiashara. Ningependa kuandika kwamba mkutano huo uligeuza mambo, lakini mambo hayageuki kwa mkutano. Ulichoonyesha ni kwamba hatimaye mtu ameelewa mlango ulipo. Mji huu haungeweza kuambiwa na Kinshasa, na haungeambiwa na Geneva. Ungesikia kutoka kwa anayeukopesha.

Fikiria jinsi chanjo ilivyofanya kazi. Ile ya rVSV-ZEBOV haikutolewa kwa mji mzima. Ilitolewa kwa duara. Mtu akiugua, hutafutwa wote aliowagusa, kisha wote waliowagusa hao, na wote huchanjwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa njia hiyo. Sasa chukua daftari la madeni la duka lolote la Butembo, lile la kurasa zilizokunjamana lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Limeandikwa nani alikuja, siku gani, alichukua nini, anakaa wapi, nani alimdhamini na ni Kambale wa nani. Mwenye duka anajua mama fulani hajaonekana siku tatu, na anajua kwa nini, kwa sababu ana pesa zake. Duara la chanjo na duara la mkopo ni duara moja. Wahudumu wa mtaani walioanza kufanya kazi kupitia watu wa soko na wa mitaa, wanaojulikana kwa majina na ukoo, walikuwa wanasoma daftari ambalo lilikuwepo siku zote.

Kundi la pili lilikuwa watu wa moto, waendesha pikipiki za abiria. Wao ndio ambulensi ya kweli ya miji hii. Mgonjwa anayetapika hapelekwi na gari jeupe. Anawekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimshika, watatu wameshikana kama mikate kwenye tanuri. Hakuna kazi iliyokuwa na hatari kama hiyo nje ya wodi. Vyama vyao vina wenyeviti, kadi na adhabu, na dereva anaweza kupuuza tangazo la redio lakini hampuuzi mwenyekiti wa kituo chake. Walipoingizwa katika kazi ya kueleza na kutoa taarifa, habari zilianza kwenda kasi ya moto badala ya kasi ya mkutano.

Kuna biashara moja ambayo nimeiweka mwisho kwa sababu haipendezi: zahanati ndogo za watu binafsi, vyumba viwili na kitanda, sindano na dripu, nyingine zikichanganya dawa za hospitali na za mitishamba. Beni ilikuwa nazo nyingi. Mtu mwenye homa hakwenda kituo cha Ebola. Alikwenda kwa daktari wake wa mtaani, anayemfahamu na anayekubali kulipwa Jumamosi. Huko ndiko wengi walikoambukizwa mwaka 2018, watoto wa malaria wakilazwa walikolala wagonjwa wa Ebola. Serikali ilipotangaza matibabu ya bure katika maeneo yaliyoathirika, vituo vya umma vilifurika, na wenye zahanati wakaona wateja wao wakihama. Mwenye zahanati hakuwa mwovu. Alikuwa anafanya kile kilichousitawisha mji mzima: kumhudumia mtu anayemjua, kwa mkopo, bila kumpeleka kwa serikali.

*

Julai 2019 ulikuwa mwezi ambao dunia iliiona biashara ya mpakani kwa macho ya hofu. Tarehe 11 mama mmoja mchuuzi wa samaki alivuka kwenda soko la Mpondwe, upande wa Uganda. Aliuza, akatapika mara kadhaa palepale sokoni, akarudi Kongo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amefariki kwa Ebola. Tarehe 14 mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo alithibitishwa kuwa na ugonjwa mjini Goma, makao makuu ya mkoa. Tarehe 17 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

Ningeomba tusimpite haraka yule mama. Siku za soko maelfu kwa maelfu ya watu huvuka pale Kasindi, wengi kwa miguu, wengi wanawake. Samaki hangoji, ukimlaza kesho ameshuka bei, keshokutwa ametupwa. Mtaji wa mchuuzi ni beseni moja, na mara nyingi beseni hilo ni la likelemba, yaani ni zamu ya wenzake tisa iliyowekwa mkononi mwake. Anaamka na homa. Akibaki nyumbani, amekula pesa za watu tisa. Akienda, pengine ni malaria tu, kama mara ishirini zilizopita. Kila kipima joto cha mpakani, kile cha kuelekezwa usoni kama bastola, kinasimama kati ya mtu na hesabu ya namna hiyo, na kuna vichochoro vingi vya kuvuka mto bila kuelekezwa chochote usoni.

Walipotangaza dharura, wataalamu wa WHO walisisitiza nchi jirani zisifunge mipaka wala kuzuia biashara. Sababu yao ilikuwa ya kitabibu: mpaka ukifungwa watu watapita vichochoroni ambako hakuna ndoo wala kipima joto. Wafanyabiashara wa Kasindi walikuwa wanajua hivyo tangu zamani, kwa sababu zisizo za kitabibu.

*

Tarehe 3 Machi 2020 mgonjwa wa mwisho alitoka kituo cha Beni akisindikizwa kwa nyimbo, na siku 42 za kusubiri zilikuwa zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Tarehe 10 Machi, Kinshasa ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Tarehe 18 shule, baa na makanisa yakafungwa. Uganda ikafunga mpaka kwa abiria siku chache baadaye. Tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya hatari. Ebola ilikuwa itangazwe kwisha Aprili 12. Aprili 10, siku mbili kabla, kijana mmoja fundi umeme akathibitishwa Beni, na hesabu ikarudi mwanzo. Kwa miezi mitatu hivi miji hii ikawa na Ebola, korona na surua iliyokuwa imeua watoto maelfu nchini kote, pamoja na ADF ambao mwaka huo waliua zaidi kuliko walivyowahi. Ukimuuliza mwenye depo wa Beni anaogopa nini, korona haikuwa ya kwanza, wala ya tatu.

Lakini ndoo zilikuwepo. Wakati Nairobi na Dar es Salaam zinatafuta mafundi wa kutoboa ndoo na kutia bomba, Butembo ilibadilisha maji tu. Watu walishajua kunawa, walishajua kiwiko, walishajua maana ya kuorodheshwa kwa kumgusa mgonjwa. Barakoa ndiyo iliyokuwa ngeni. Kwa Kifaransa cha huku iliitwa cache-nez, yaani kificha pua, na mafundi wa cherehani waliokuwa wamekosa kazi, kwa kuwa harusi zilizuiwa na hakuna harusi bila sare za vikwembe, walihamia humo. Vipande vinavyobaki baada ya kukata gauni, ambavyo zamani vilijazwa kwenye mito, vikawa mali. Fundi stadi alikukatia barakoa kutoka kitambaa kilekile cha nguo yako ya Jumapili, ingawa Jumapili yenyewe ilikuwa imefungwa. Sitadai kwamba zilivaliwa ipasavyo. Nyingi zilikaa kidevuni zikishuka na kupanda kadiri polisi alivyokaribia.

Mpakani malori yaliruhusiwa, watu wa miguu hawakuruhusiwa. Ukisoma sentensi hiyo ofisini ni mizani nzuri kati ya afya na uchumi. Ukiisoma Lubiriha maana yake mkubwa anapita na mdogo anabaki. Mwenye kontena aliendelea. Mwenye beseni alisimama. Dawa waliyoipata wachuuzi wa Maziwa Makuu, na iliyofahamika zaidi Goma na Gisenyi ya Rwanda, ilikuwa kuunganisha mizigo: watu wengi wanachanga, lori moja linavuka, mali inagawanywa ng’ambo. Kwa Butembo hilo halikuwa jambo la kufundishwa, maana hao wakubwa wanane walikuwa wamelifanya kwa kontena za Asia miaka mingi kabla. Tofauti ni kwamba kuunganisha mizigo humfaa mwenye vitenge kuliko mwenye samaki, na humfaa mwenye akiba ya kungoja kuliko anayekula alichouza leo. Wapo walioingia muso kukopa, wakala mtaji, wakarudi shambani. Hawaonekani katika hadithi za ushujaa wa wajasiriamali, nami nawataja kwa kuwa walikuwa wengi.

Upande wa pili wa dunia safari za Guangzhou zilikatika. Aprili hiyo Waafrika wa mji ule walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli kwa kushukiwa ugonjwa, na waliokuwa na ndugu huko walipokea picha za watu wamelala barabarani na masanduku yao. Mtu wa Beni aliyetazama picha hizo kwenye simu alikuwa na uzoefu wa kuogopwa: mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyekuwa akipimwa mara tatu kabla ya kufika Goma. Oda ziliendelea kwa simu, kwa picha ya kitambaa na bei, kwa mtu wa kati aliye kulekule. Bila shaka wengine waliletewa rangi isiyo yao. Ila mfumo uliofundishwa na vita kununua bila kuona ulikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wageni hawakulifikiria. Butembo na Beni zilikuwa na mazoea ya kufunga. Kila yalipotokea mauaji, vyama vya kiraia na vikundi vya vijana kama Véranda Mutsanga vilitangaza “mji mfu”, maduka yakateremsha milango siku moja, mbili, tano. Kwa hiyo nyumba nyingi zilijua kuweka unga wa bugali, maharage, chumvi na makaa ya siku kadhaa. Wenye maduka walijua kuuza kwa mlango wa nyuma kwa jirani anayeaminika. Na kila mtu alijua kwamba kufunga kuna mwisho. Hiyo ndiyo faraja ya huko, kama ni lazima tuiite faraja. “Tuliteremsha mlango jana, tutaupandisha kesho, na deni lako liko palepale.”

*

Juni 25, 2020 Ebola ile ilitangazwa kwisha. Magari meupe yakaondoka, hoteli zikabaki na vyumba, kodi za nyumba zikashuka, na vijana waliozoea posho wakarudi kwenye moto na kwenye vibanda vya kuuza salio la simu. Julai maduka, baa na mikahawa vikaruhusiwa kote nchini, Agosti Kongo ikafungua mipaka yake.

Februari 7, 2021 ilitangazwa kwamba ugonjwa umerejea. Mama mmoja mkulima wa eneo la Biena, ambaye mumewe alikuwa amepona Ebola zamani, alifia Butembo. Safari hii wataalamu wa WHO walikuwa kiasi cha sitini, na kazi iliongozwa na watu wa afya wa mkoa, wengi wao waliojifunza humohumo katika miaka ya vituo kuchomwa moto. Walichanjwa karibu watu 2,000. Wagonjwa walikuwa 12, waliofariki 6, na Mei 3 ikatangazwa imekwisha. Oktoba hadi Desemba mwaka huo ikaja tena Beni, na Agosti 2022 tena Beni, mgonjwa mmoja tu.

Asubuhi ile ya Februari 2021, habari zilipotangazwa, hapakuwa na ndege wala msururu wa magari. Mwenye duka alisikia habari kwa redio, akaenda stoo, akaitoa ndoo kutoka nyuma ya magunia, akapuliza vumbi, akajaribu kibomba kama bado kinafunga. Kilikuwa kinavuja kidogo. Akakizungushia mpira wa tairi la ndani, akaiweka ndoo juu ya kigoda, kisha akamwita mtoto na kumpa bidoni.